Siku Radieta Zilipovuta Pumzi

Kila asubuhi, kabla hata hajaweka birika la kahawa jikoni, Zumra alizunguka nyumba nzima akizigusa radieta, yale machuma ya ukutani yanayopasha vyumba joto, kwa nyuma ya mkono, kama mama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Aliianza desturi hiyo enzi za uhai wa mumewe, Dervo, na hata baada ya kumzika hakuiacha. Tofauti ni kwamba mama huogopa paji likiwa la moto. Zumra aliogopa baridi.

Alizaliwa juu kabisa kwenye uwanda wa Pešter, katika nyumba ya mawe yenye chumba kimoja cha moto na vingine vyote vya barafu. Yeye na ndugu zake walilala wamelizunguka jiko la bati, na aliyechelewa kuingia ndiye aliyelala karibu na mlango. Alipoolewa na kuletwa nyumbani kwa mzee Hivzo, baba yake Dervo, nje kidogo ya mji wa Sjenica, alikuta jambo ambalo hakuwahi kuliona: moto ulikuwa chumba cha chini ya ardhi, na joto lilikuwa juu, chumbani kwake.

Mtambo ule Dervo aliufunga kwa mikono yake mwenyewe. Boila, tanuri la kuchemshia maji, lilikuwa la chuma cha kusubu, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Kutoka kwake bomba nene lilipanda moja kwa moja hadi darini, penye tangi dogo lililo wazi, kisha likagawanyika na kuteremka kwenye kila radieta. Hapakuwa na pampu. Maji ya moto yalipanda kwa wepesi wake, yakapoa, yakashuka kwa uzito wake, yakarudi kuchemshwa.

"Maji hayohayo, miaka nenda miaka rudi," Dervo alipenda kusema. "Kama damu mwilini."

Zumra hakuyapenda maneno hayo. Kitu chenye damu kina hasira. Tena mwaka wake wa kwanza wa ndoa, boila la fundi cherehani mmoja wa ng'ambo ya mto lilipasuka mchana kweupe. Mlango wake wa chuma uliokotwa bustanini, umesimama wima katika theluji, na yule fundi hakusikia tena kwa sikio la kushoto mpaka anaingia kaburini. Tangu siku hiyo, kila alipofungua mlango wa boila kutia makaa ya mawe, Zumra alisema Bismillahi na kusimama upandeni.

"Mtazameni," Dervo alimtania. "Anasimama kama anakamua ng'ombe mwenye mateke."

"Bora mateke," Zumra alimjibu. "Ng'ombe halipuki."

Hata hivyo Dervo alimfundisha, na Zumra alifundishika. Radieta ikiwa baridi juu na moto chini, ina upepo ndani. Fungua kidude cha pembeni kwa ufunguo mdogo, upepo utoke. Ikiwa moto juu na baridi chini, ni tope. Ikipoa moja peke yake, tazama koki yake. "Na zikipoa zote?" Zumra aliuliza. "Zikipoa zote, niite mimi," Dervo alisema. Lilikuwa jibu jema, ila halikudumu. Moyo wa Dervo ulisimama akiwa amebeba gunia la viazi, na mtu wa kuitwa akawa hayupo.

Majira ya baridi yanayosimuliwa hapa, nyumba ilikuwa na mtoto mchanga. Mersad, mwana wa pekee wa Zumra, alikuwa dereva wa lori huko Austria. Mkewe Almasa alikuwa amejifungua binti, mjukuu wa kwanza, na arobaini ilikuwa bado kabisa. Zumra aliwapa chumba cha ghorofani kilicho juu ya chumba chake, kwa kuwa ndicho chenye radieta kubwa kuliko zote. Jiko la kuni la zamani halikuwapo tena jikoni. Mersad aliliondoa kiangazi kilichopita na kuweka la umeme, jeupe, linalopendeza macho. Umeme wenyewe, baridi ikizidi, ulikuwa kama mgonjwa: leo upo, kesho haupo, na ukiwepo hauna nguvu.

Kwa siku kadhaa radieta za juu zilikuwa zikipoa. Kila asubuhi Zumra alitoa upepo, radieta zikapata joto kidogo, na kesho yake zikapoa tena. Na kila asubuhi upepo ulitoka mwingi kuliko jana yake. Alifanya ambalo kila mtu pale kijijini angelifanya: alitia makaa zaidi.

Kisha ikaja dhoruba. Ilianza alfajiri, na kufikia adhuhuri ua ulikuwa umezikwa, barabara haionekani, na nyumba ya jirani ng'ambo ya uwanja ilikuwa kama haijawahi kujengwa. Kwenye uwanda ule watu huwaambia watoto wao: dhoruba ikiwa hivi, hata choo cha nje usiende bila kamba. Zumra alipanda ghorofani na beseni la nguo za mtoto, akamkuta Almasa amekaa kitandani na koti juu ya vazi la kulalia, mtoto kamficha kifuani.

"Mama, au ni mimi tu ninayesikia baridi?" Almasa alisema. "Nikipumua naona moshi."

Zumra aliweka beseni chini na kuigusa radieta. Juu, baridi. Katikati, baridi. Chini, baridi. Akatoa ufunguo mdogo mfukoni mwa aproni.

"Upepo tena," alisema, kwa sauti ya mtu anayemliwaza mwingine. "Sasa hivi utaisikia inapiga mluzi."

Aliuzungusha ufunguo. Mluzi haukuja. Alisubiri, akainama, akasogeza shavu karibu na kitundu ili ausikie upepo ukitoka. Hakuusikia. Badala yake uzi mmoja wa shali yake ya sufu uliinuka wenyewe, ukasogea, ukanasa kwenye kitundu na kubaki pale.

Zumra aliutazama ule uzi. Aliuvuta, ukatoka. Akauachia, ukanasa tena.

"Inafanya nini?" Almasa aliuliza.

"Inavuta," Zumra alisema taratibu. "Haitoi upepo. Inavuta pumzi."

Alifunga kidude upesi, kana kwamba ndani mna kitu kilichokuwa kinawanusa. Akashuka ngazi akigusa kila radieta aliyoipita: ya ukumbini, baridi, ya chumbani kwake, baridi, ya jikoni, baridi. Zote. Alikuwa bado ameweka mkono juu ya ile ya jikoni aliposikia mshindo kutoka chini ya miguu yake. Ulikuwa kama mtu aliyefungiwa chumba cha chini anapiga ukuta kwa nyundo. Ukanyamaza. Ukapiga tena, mara mbili kwa pamoja, na vikombe vikalia kabatini.

Chumba cha boila kilikuwa na joto la kuziba pumzi. Sindano ya kipimajoto ilikuwa imepita alama nyekundu, imelalia mwisho wake, haina tena pa kwenda. Bomba nene lilitetemeka ukutani mpaka vumbi la chokaa likawa linaanguka. Ndani ya chuma mlisikika ngurumo kama ya tumbo la mnyama, kisha mshindo, kisha kimya, na kimya ndicho kilichotisha zaidi, kwa kuwa Zumra alijua kwamba juu ya dari ile, ghorofa mbili tu, alilala mjukuu wake.

Alifunga kwanza mlango mdogo wa hewa, ule wa chini unaoulisha moto. Hilo mikono yake ililijua bila kuulizwa. Kisha akampigia Mersad.

"Mama, naendesha, sema haraka."

"Radieta zote zimepoa na boila linapiga nyundo."

"Toa upepo."

"Nimetoa. Inavuta. Inavuta ndani, Mersad!"

Ilisikika sauti ya lori likiegeshwa. "Basi maji yamepungua. Tangi la darini, umelitazama?"

Hakulitazama. Enzi za Dervo kulikuwa na desturi ya kupanda kila Ijumaa, lakini maji hayakupungua hata kidole, na magoti ya Zumra yaliiacha desturi hiyo polepole. Sasa alipanda. Ngazi ya dari ilikuwa na barafu nyembamba kwenye vipago, na upepo uliimba katika vigae vya paa. Aliliondoa blanketi la sufu lililofunika tangi, akamulika ndani kwa simu. Alikuta kutu, na nyigu mmoja mkavu. Tone la maji hakuliona.

"Pakavu," alisema kwenye simu, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni.

"Basi jaza! Fungua koki ya kujazia, Mama, upesi! Maji yapande!"

Aliposhuka alimkuta baba mkwe wake amesimama mlangoni mwa chumba cha boila. Mzee Hivzo alikuwa amepita miaka themanini. Nguvu zilikuwa zimemhama zote, zimebaki za ulimi na za sala. Alikuwa amevaa koti la ngozi ya kondoo, na kofia yake imekaa upande.

"Mkaza mwana, nini kinapigwa humu? Unajenga?"

"Baba, toka hapo mlangoni."

"Nitoke niende wapi? Nje kuna mwisho wa dunia. Hilo lina kiu, huoni? Lipe maji!"

"Mama, umefungua?" Mersad alipaza sauti simuni. "Fungua!"

Mkono wa Zumra ulikuwa tayari juu ya koki. Ilikuwa baridi kama jicho la samaki, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na maji ya bomba la kijiji, yaliyotoka chini ya theluji. Wanaume wawili walimwambia afungue, mmoja masikioni, mmoja mgongoni. Na boila likapiga tena.

Ndipo alipokumbuka kifuniko cha chuma cha mama yake. Ni kile cha kuokea mikate, kinachofunikwa makaa juu yake. Alikuwa msichana mdogo mwenye haraka ya kwenda kucheza; alikitoa motoni na kukimwagia maji ya kisima ili akioshe. Kifuniko kilitoa mlio kama wa bunduki na kukatika vipande viwili miguuni pake. Fimbo alizopigwa alizisahau. Mlio hakuusahau. Chuma kilikuwa kilekile, cha kusubu. Na hiki cha leo kilikuwa kikubwa kama ng'ombe, kikavu, na moto umejaa tumboni.

Akaondoa mkono.

"Sifungui," alisema.

"Mama!"

"Nikifungua litapasuka. Ninatoa moto kwanza. Usinipigie, nitakupigia mimi." Akakata simu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanawe.

"Almasa!" aliita kwa nguvu. "Mchukue mtoto mkae jikoni, ule upande wa mlango wa uani! Mvike kila kitu! Nikipiga kelele, toka nje!"

"Nje na dhoruba hii?" Almasa aliitika kutoka juu. "Na arobaini yangu, Mama?"

"Arobaini utaimaliza ukiwa hai!"

Alichukua beleshi na ndoo za bati za majivu. Safari hii hakuweza kusimama upandeni. Anayetoa moto hana budi kuukabili. Alisema Bismillahi akafungua. Joto lilimpiga usoni, nyusi zikanuka. Makaa yalikuwa mekundu mpaka nyuma kabisa, yote aliyoyatia asubuhi kwa hofu yake mwenyewe. Alichota, akatia ndooni, akachota. Kila mshindo uliposikika, mwili wake wote ulijikunja na kuusubiri mwisho. Mwisho haukuja, akachota tena. Ndoo ilipojaa aliiburuta mpaka kwenye kijimlango cha kuingizia makaa, akaimwaga nje. Theluji ilipiga kelele na kutoa wingu jeupe, dhoruba ikalibeba wingu.

"Babangu, nenda jikoni," alisema akihema.

"Siendi. Nipe ndoo ile tupu."

"Utaanguka."

"Nikianguka utanichota na mimi."

Alimwachia kijimlango akishike, kwa kuwa upepo ulikuwa unakifunga. Mzee alikishika kwa mikono miwili. Baada ya ndoo kadhaa, Zumra alisema kwa hasira, akiyasema kwa boila zaidi kuliko kwa mtu, "Maji hayana miguu! Sakafu kavu, kuta kavu. Yamekwenda wapi?"

Zumra aligeuka, akamwona mzee anatazama vidole vyake.

"Yale ya chooni," mzee alisema, "kumbe ndiyo haya?"

"Ya chooni yapi?"

"Ile radieta ya chooni ina kibomba kwa chini. Dervo alikiweka."

"Alikiweka cha kumwaga maji ya mtambo siku ya kuusafisha!"

"Mimi nitajuaje? Nilikifungua, yakatoka ya uvuguvugu. Nikasema, Alhamdulillahi, mwanangu amenikumbuka. Nimekuwa natawadha kwayo."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto alipozaliwa." Sauti ya mzee ilikuwa ndogo. "Zamani ulikuwa unanichemshia birika. Sasa birika ni la mtoto. Sikutaka kuwasumbua. Na maji ya bomba, mwanangu, yananikata mifupa."

Udhu mara tano kwa siku, na miguu, na mzee ni mtu wa kutojua kiasi katika usafi. Zumra aliona mbele ya macho yake taulo za mzee, zenye rangi ya chai, ambazo alizifua akidhani ni uzee.

"Maji mekundu vile, Baba, yenye kutu, ukaona yanafaa kwa sala?"

"Nilidhani ni ya chemchemi," mzee alisema.

Zumra alitaka kucheka na alitaka kulia. Hakupata nafasi ya lolote, maana boila lilipiga mshindo mkubwa kuliko yote, kipande cha chokaa kikaanguka begani mwake, na kule jikoni mtoto akaanza kulia. Alichota. Alichota mpaka beleshi likakwaruza wavu mtupu wa chuma.

Kisha ukaja ubaya wa pili, ambao hauna mshindo. Moto ulikuwa umetoka, na nyumba ikaanza kupoa. Maji machache yaliyobaki katika radieta za chini yangeganda, na radieta iliyoganda hupasuka kama yai. Akijaza mapema, chuma kitakatika, na mpaka majira ya kuchipua hakutakuwa na moto. Akichelewa, baridi itafanya kazi hiyohiyo kwa njia yake. Hakuna mtu wa kumwuliza. Kipimajoto hakikumsaidia, sindano ilikuwa imekwama palepale mwisho.

Alikwenda jikoni. Almasa alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye jiko la umeme ambalo sahani yake ilikuwa vuguvugu tu, mtoto ndani ya koti. Ncha ya pua ya mtoto ilikuwa nyeupe. Zumra aliigusa kwa mdomo wake, akaona ni baridi.

"Bado sana, Mama?"

"Bado kidogo."

Mzee Hivzo alikuja nyuma yake. Alivua koti lake la ngozi ya kondoo, akalitandaza juu ya Almasa na mtoto, akakaa kando na fulana yake, anatetemeka.

"Babu, vaa, utakufa," Almasa alisema.

"Kaa kimya, mjukuu wangu. Mimi nina udhu wa moto mwilini," mzee alijibu, meno yakigongana.

Zumra alirudi kwenye boila. Tangu aolewe hakuwahi kuligusa boila lile isipokuwa kwa kitambaa na kwa ncha za vidole. Aliweka kiganja. Likamchoma, akaondoa. Alisubiri akisikiliza upepo. Akaweka tena, akajaribu kusema Suratul-Fatiha na mkono ukiwa palepale. Hakufika hata katikati, akaondoa. Akatembea huku na huku, akaigusa radieta ndogo ya ngazini, akahisi baridi yake imezidi na kwenye koki pameanza utando mweupe. Akarudi mbio. Aliweka kiganja mara ya tatu, akasoma. Iliuma, lakini iliuma kama kikombe cha kahawa, si kama kaango. Akafika Amin.

Alishika koki kwa mkono wa kulia na kuacha wa kushoto juu ya chuma, ili kama kitakatika aujue mlio kabla ya sikio. Alifungua kiasi cha uzi. Maji yaliingia. Ndani ya chuma palitoka mchemko, ssss, mrefu, na boila lote likatetemeka chini ya kiganja chake. Alifumba macho. Mchemko ukapungua. Akaongeza uzi mwingine. Chuma kilinung'unika, kikatulia. Akaongeza.

Ilichukua muda mrefu hata maji yakaanza kusikika yakipanda ukutani. Alipanda nayo ghorofani, akafungua kidude cha radieta ya mtoto. Safari hii upepo ulitoka. Ulimpiga kidoleni, ukapiga mluzi mpaka Zumra akadhani hautaisha. Ukakohoa, ukatema tope jekundu ukutani, kisha maji. Alifunga, akashuka, akapanda darini, akaona maji meusi yakitikisika ndani ya tangi. Akashuka tena. Magoti yake hakuyasikia.

Moto aliuwasha kwa vipande vidogo vya kuni, si makaa. Alikaa juu ya rundo la makaa ya akiba na kusubiri mshindo. Alisikia maji yakijongea katika bomba kama mtu anayetembea bila viatu. Kisha, kule juu, kitu kikagonga: tak!

Zumra aliruka na beleshi mkononi. Tak! Tena. Alifungua mdomo kumpigia kelele Almasa atoke nje.

"Mama!" Almasa aliita kutoka ghorofani, alikuwa amepanda. "Bomba linatanuka tu, linapata moto! Njoo uishike radieta, Mama, njoo! Inaunguza!"

Zumra hakwenda. Alikaa tena juu ya rundo la makaa, kiganja chake chekundu kikiwa wazi mapajani, meno yakaanza kugongana katika joto lile, na simu ikaita, ikaita, Mersad kwa mara nyingine, naye akaitazama bila kuweza kuinua mkono.